National Theatre au duara la Archives?

Kenya National Theatre, ukumbi wa maigizo jijini Nairobi uliofunguliwa 1952 kwenye barabara ya Harry Thuku, unakupa kiti, taa na utulivu. Humo mwigizaji anaweza kunong'ona, au kunyamaza tu akikunja barua polepole, na ukumbi mzima ukamwelewa.

Wachekeshaji wa mtaani, wanaozungukwa na duara la watazamaji nje ya Archives, jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya jiji, hawana nafasi hiyo. Matatu zinapiga honi, na mtazamaji hajalipa kiingilio. Akichoka, anaenda zake. Kwa hiyo mchekeshaji anasoma nyuso: akiona jamaa ameanza kugeuza bega, anamrukia kwa utani kabla hajachomoka, na duara lote linaangua kicheko. Kwangu mimi, ustadi huo wa kumshika mpita njia unazidi taa zote. Ila kwa hadithi ndefu ya majonzi, nitakata tiketi.