Fundi wa vibao pale Kibuye, alituandikia "ALIUAWA" bila kupunguza herufi

Kama unatafuta mtu wa kukutengenezea kibao cha barabara ama cha plot hapa Kisumu, soma hii kwanza, ni ndefu kidogo lakini nilikaa na hii kazi wiki tatu na nataka niiseme yote.

Sisi tuko Manyatta. Tuna chumba kidogo cha kusomea nyuma ya posho mil, watoto wanakuja jioni wanasoma magazeti ya zamani na vitabu vyenye watu wametuletea, na hako kanjia ka murram ka kuingia hapo hakajawahi kuwa na jina, boda ukimpigia unamwambia "pale kwa posho mil, shuka mpaka kwa mwembe" na bado anapotea. Mwaka huu majirani wakakubaliana tukape jina, landlodi akasema sawa, na vile mimi ndo nafundisha hao watoto kuandika habari nikaomba kaitwe Njia ya Francis Nyaruri.

Kwa wenye hawamjui, Nyaruri alikua anaandikia Weekly Citizen, mtu wa Nyamira hapa tu juu, na alikua anatumia jina la Mong'are Mokua kuandika kuhusu ufisadi ndani ya polisi. 15 Januari 2009 akapotea, na mwezi huohuo mwili wake ukapatikana msitu wa Kodera, ule wa upande wa Oyugis. Kichwa kilikua kimekatwa. Mimi nikipanda matatu ya Kisii, tukikaribia hapo huwa naangalia ile miti nasema jina lake polepole, na nimechoka kulisema peke yangu.

Watoto wakaniuliza kama mtu anaweza kupewa barabara bila serikali kubadilisha ramani, ndo nikawaambia habari ya Jamal Khashoggi. Aliingia ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul 2 Oktoba 2018 kuchukua karatasi za kumwezesha kuoa, hakutoka. Sasa huko Washington baraza la jiji likapitisha kipande cha barabara mbele ya ubalozi wa Saudi kiitwe Jamal Khashoggi Way, na Juni 2022 kibao kikazinduliwa. Ni jina la heshima tu, anwani ya barua imebaki New Hampshire Avenue, lakini mfanyakazi wa ubalozi akiingia kazini asubuhi lazima akipite, na akitoka jioni akipite tena. Kijana mmoja wa darasa la saba akasema "kumbe kibao chenyewe ndo kinawauliza swali". Sikua na la kuongeza.

Haya, fundi sasa.

Nilianzia duka moja la kuprinti vibao kwa mashine katikati ya mji, jina sitaji. Mapokezi mazuri, dizaini ilitoka kwa kompyuta haraka sana, mpaka tukafika mstari wa pili, wenye tulikua tumeandika "Mwandishi wa habari. Aliuawa Januari 2009". Mtu wa duka akaniambia weka "alifariki", ama toa huo mstari wote ubaki na jina peke yake, hii ingine italeta maneno. Nikamwambia mtu akiumwa na malaria ndo anafariki, huyu aliuawa, na nikitoa huo mstari mtoto atajuaje? Hapahapa mjini tuna Achieng Oneko Road, na Oneko kabla hajashikwa pamoja na kina Kenyatta alikua mtu wa gazeti, lile la Ramogi, lakini simama kwa hio barabara uulize watu kumi huyo Oneko alikua anafanya kazi gani uone kama utapata mmoja. Jina peke yake linageuka kuwa njia ya kwenda duka. Akakataa kuprinti, nikabeba flashi yangu nikatoka, na niliumia, sitaficha.

Mtu wa posho mil ndo akanielekeza Kibuye kwa jua kali. Huyu fundi ni mzee, watu wanamwita jaduong', amekaa chini ya mabati na kijana wake wa kuchomelea. Nikampa karatasi, akaisoma mara mbili, akaniuliza swali moja tu, "Mwalimu, hii 'aliuawa' unataka ikuwe kubwa kama jina ama ndogo?" Nikamwambia sawa na jina. Akaandika kwa kitabu chake, akaniambia dipoziti 3,000, jumla 6,500 pamoja na paipu na usafiri wa kuja kusimamisha. Nililipa hapohapo kwa M-Pesa.

Kazi yake ni safi. Bati ni la geji 16, nzito, ukiligonga halilii kama debe. Anapiga redoksaidi, ile praima ya kuzuia kutu, kwanza pande zote mbili, hata nyuma kwenye hakuna mtu ataangalia, anaacha ikauke usiku mzima ndo anapaka kijani, halafu herufi ni stika ya rifleta, anakata moja moja kwa mkono na wembe akifuata stensili yake. Boda akipita usiku na taa, jina linawaka lote.

Shida ilikua siku nimeenda kuchukua. Ilikua imeandikwa NYARORI. Nilinyamaza pale karibu dakika nzima. Jaduong' akaona uso wangu, akachukua ile karatasi akalinganisha herufi kwa herufi na kidole, akasema "pole mwalimu, jina la marehemu halikosewi". Mimi nilidhani atabandika U juu ya O tuendelee lakini hapana, akatoa mstari wote, akasugua na msasa mpaka kwa bati, akaanza upya na praima, kwa sababu alisema ukibandika juu jua litatoa ya juu na kosa litasoma chini yake. Hakuniongezea hata shilingi. Ila nilipoteza siku 4 na sherehe yetu ndogo tukaisukuma wiki mbele, na kuna mama alikua ameshanunua unga ya mandazi.

Kitu ingine, hapa kwetu vibao vya chuma vinaenda kwa skrapu, kila mtu anajua. Bila hata kuulizwa, kijana wake akachomelea nati zote baada ya kukaza, na chini ya paipu akaweka vipande viwili vya nondo kama msalaba kabla ya kumwaga zege, ili mtu akitaka kuing'oa aje na trekta. Imepita mwezi na iko imara.

Jana nilipigia boda nikamwambia niko Njia ya Nyaruri. Akauliza ni wapi, nikamwelekeza, akafika akasimamisha pikipiki mbele ya kibao akasoma mpaka chini na helmeti ikiwa kichwani, akaniuliza, "Aliuawa na nani?" Nikapanda, nikamweleza mpaka Kondele.

Nampa 4 kwa 5, hio moja ni ya zile siku 4. Ukienda, andika jina lako kwa herufi kubwa, mwambie akusomee kabla hajakata stika, na uende asubuhi juu mchana amejaa watu wa mageti. Mimi nimeshamwachia dipoziti ingine. Ni ya kona ya bomba ya maji, ya John Kituyi, mhariri wa Mirror Weekly aliyepigwa mpaka akafa akirudi nyumbani Eldoret, 30 Aprili 2015. Mstari wa pili utakua uleule, na herufi zitakua kubwa vilevile.