HP LaserJet 1020 baada ya kupandisha Linux: HPLIP imeniokolea printa

Wenzangu wenye steshenari, kama mna HP LaserJet 1020 na imenyamaza baada ya kupandisha toleo la Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), msiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Yangu iko hapa Arua, Uganda. Ni modeli ya mwaka 2005, inachapa mitihani ya shule za msingi na barua za LC1 (baraza la kijiji), na katriji yake ya 12A bado inapatikana Nasser Road, Kampala.

Mfumo mpya ulipoingia, kompyuta iliitambua printa vizuri, kazi zikapanga foleni, lakini karatasi haikusogea. Fundi mmoja akaniambia ninunue nyingine. Nilikataa, maana mashine yenyewe ilikuwa nzima. Printa hii haihifadhi programu yake ya ndani: kila ikiwashwa, inasubiri kompyuta iipelekee upya. Kwenye Linux, kazi hiyo inafanywa na HPLIP, programu ya bure ya HP wenyewe, ikisaidiwa na plagini (programu ndogo ya nyongeza) ambayo lazima iwe ya toleo lilelile. Ukipandisha mfumo, HPLIP inakuwa mpya na plagini inabaki ya zamani. Basi, hawaelewani tena.

Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin -i, kubali masharti, weka paswedi, ngoja ipakuliwe. Kisha zima printa, uiwashe tena, utege sikio. Roli zitazunguka kidogo zenyewe kabla hujatuma chochote. Ukisikia hivyo, ujue programu imeingia. Nilituma mtihani wa hesabu wa P.6 (darasa la sita), ukatoka na weusi uliokolea, hata mistari myembamba ya jedwali ikaonekana yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni umeme. Huku kwetu unakatika na kurudi, na kila ukirudi HPLIP inaipelekea printa programu yake bila mimi kugusa kitu. Mwalimu anasubiri kaunta, kazi inaendelea.

Lawama yangu ni kwamba plagini inataka intaneti. Bando likiisha siku hiyo, duka limesimama. Kama una flashi, pakua faili la plagini la toleo lako kwa rafiki, kisha tumia hp-plugin -p ukifuatisha mahali faili lilipo. Tena printa hii ni ya USB tu, haina Wi-Fi. Anayetaka kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu atafute nyingine.