Sufuria la presha la lita 7: maharage safi, kifuniko kina vituko

Nianze na sifa, maana linastahili. Hapa Iringa tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka yakifika nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage makavu yanatumalizia mkaa. Sufuria hili la alumini nilinunua Miyomboni kwa shilingi 65,000. Likishakaza mvuke, maji yanakaribia nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kabla wali haujakauka.

Sasa kifuniko. Ukizima gesi mchana ukaliacha lipoe lenyewe mpaka jioni, halifunguki. Zungusha, vuta, gonga na mwiko, wapi! Baba watoto alishachukua bisibisi, nikamnyang'anya. Hakuna kilichoharibika pale. Wakati wa kupika, mvuke unafukuza karibu hewa yote, ndani yanabaki maji na mvuke wake tu. Likipoa, mvuke unageuka maji tena na presha inaporomoka pamoja na joto: kwenye nyuzi 120 ni karibu mara mbili ya presha ya hewa ya kule pwani, kwenye nyuzi 60 imebaki sehemu moja ya tano. Hewa ya nje yenyewe haijapungua, inakandamiza tu. Kwa kifuniko cha sentimita 22 kama changu, hiyo ni sawa na kubebeshwa zaidi ya kilo 200 juu yake. Nani atavuta hapo?

Dawa yake: sufuria likiwa limepoa kabisa, inua kile kichuma kizito kilichokaa juu ya kitundu cha mvuke. Utasikia fyuuu, hewa inaingia, kifuniko kinafunguka kwa vidole viwili. Likiwa bado la moto usithubutu, maana hapo mvuke ndio unaotoka, na unababua.

Jirani yangu hana subira, yeye analimwagia maji baridi kifunikoni. Linafunguka haraka, sikatai. Ila presha ikishuka ghafla namna ile, maji ya ndani yenye zaidi ya nyuzi 100 yanaanza kuchemka upya kwa fujo, na moto umeshazimwa! Maganda ya maharage yanachanika, mchuzi unakuwa uji. Kwa makande haina neno. Kwa maharage ya njano ninayouzia wateja, nasubiri.

Mpira wa kifuniko ni mwepesi mno na umeshaanza kulegea. Ulizia wa akiba kabla hujalipa.

Nalipa nyota tatu kati ya tano. Kama bado hujanunua, ongeza hela kidogo uchukue lile lenye kipini kinachopanda mvuke ukijaa na kushuka ukiisha. Kikishuka kinaacha upenyo wa hewa kuingia, kwa hiyo kifuniko hakinyonywi.