Simu ya kuchezea vifaru: ulizia joto kabla ya RAM

Malalamiko ninayoletewa na wachezaji wenzangu wa World of Tanks Blitz, mchezo wa simu wa vita vya vifaru, huku Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ni yale yale. Kijana wa Tandahimba ana simu iliyoandikwa RAM 16 kwenye boksi, yaani GB 16 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mechi ya kwanza inateleza vizuri, ikifika ya tatu kifaru kinatembea kwa kurukaruka. Dada wa Lindi mjini naye hivyo hivyo. Wa Chikongola, Mtwara mjini, alikuwa mbioni kubadilisha laini, kwa imani kwamba mtandao wake ndio mbovu. Mtandao hauna kosa hapo, mdogo wangu. Simu imechemka.

Dukani wote hao waliulizia RAM, wakaulizia GB za hifadhi, wakajipiga selfi kupima kamera, wakalipa. Kwa hiyo leo kamera siigusi, rangi siigusi, na ukubwa wa kioo utauona kwa macho yako. Simu hizi nazipanga kwa kitu kimoja: ikishapata moto mikononi mwako, saa tisa mchana, Mtwara hii hii, bado inapiga shabaha?

Kwanza tuutenge mtandao ili usisingiziwe. Mchezo unakuonyesha pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Pingi ikipanda, lawama ni za mtandao, na hapo hakuna simu itakayokuokoa, kwa sababu wengi wetu tunachezea seva za Ulaya na kuona milisekunde 150 na zaidi ni kawaida kabisa. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mwenye simu ya milioni mbili na mwenye simu ya laki moja wote walikaa benchi. Lakini pingi ikiwa imetulia na fremu zikaporomoka kutoka 60 hadi 25, hilo ni joto, na hilo ulilinunua mwenyewe.

Mechi ya Blitz ni watu saba kwa saba na haizidi dakika 7. Mwanzoni hata simu dhaifu inavumilia, maana mnakimbilia tu kwenye nafasi zenu. Balaa liko mwishoni. Umebaki wewe na T-34-85 yako, yeye na Tiger yake nyuma ya jiwe. Unasubiri mzinga upakie, unasubiri duara la shabaha lijikunje, unalenga kile kikofia cha kamanda juu ya mnara kwa sababu mbele hapatoboki. Hapo ndipo prosesa, ule ubongo wa simu, inapoamua kujiokoa: joto likizidi, inapunguza kasi yake yenyewe isiungue. Skrini inakwama kidogo tu, kidole kinapitiliza, kombora linagonga chuma na kudunda. Wenzako wanakuita mzembe.

Joto hilo linahitaji pa kwenda, yaani hewani. Hewa ya kwetu yenyewe ni ya moto na imejaa unyevu, mikono inatoka jasho, halafu simu umeivalisha lile kava nene la mpira ulilopewa zawadi dukani, kama mtu aliyefunikwa blanketi saa nane mchana. Toa kava ukicheza. Kaa mbele ya feni. Hayo ni ya bure.

Ya kulipia ni prosesa na namna simu inavyochaji. Kwenye prosesa uliza nanomita, kipimo cha udogo wa vijisehemu vyake; zikiwa chache ndiyo bora. Helio G85 na G88, zilizojaa kwenye simu za bei ya chini na ya kati, ni za nanomita 12. Helio G99 ni ya nanomita 6: kazi ile ile inaifanya kwa umeme mdogo kuliko hizo, na umeme usiotumika haugeuki joto. Muuzaji hatakuambia haya. Atakuambia RAM 16, ambayo ukifungua mipangilio unakuta ni 8 ya kweli na 8 nyingine iliyokopwa kwenye hifadhi, na hiyo ya kukopa ni ya polepole na haisogezi kifaru hata hatua. Kibandiko kile cha 8+8 kinanikera kuliko kitu chochote kilichobandikwa kwenye simu.

Sasa kuchaji. Mkoa una gesi ya Mnazi Bay, bomba linaipeleka Dar tangu 2015, na bado umeme ukikatika jioni unabaki na asilimia ulizonazo. Ukirudi kila mtu anachomeka chaja na kuingia vitani papo hapo. Ukicheza huku unachaji, joto la prosesa linakutana na joto la betri, na betri za lithiamu hazipendi joto. Zinazeeka haraka, nyingine zinavimba mpaka kioo kinanyanyuka. Dawa ipo, lakini sijawahi kusikia muuzaji wa Mtwara akiitaja: umeme kupita kando ya betri. Chaja inalisha simu moja kwa moja, betri inapumzika. Kwenye menyu imeandikwa Bypass Charging, kwa kawaida ndani ya hali ya michezo. Kama simu haina kitu hicho, kwangu inashuka daraja hata iwe na sifa zipi.

Ndiyo maana naipa Infinix nafasi ya kwanza na siombi radhi. Hawanilipi, hawanijui. Ninayoipendekeza ni Note 40 ya 4G: Helio G99 Ultimate, kioo cha AMOLED cha hezi 120 (kinabadilisha picha mara 120 kwa sekunde), betri ya mAh 5,000, chaja ya wati 45, na umeme wa kupita kando upo. Ukiikosa, kaka yake Note 30 ya mwaka 2023 anakutosha. Prosesa ni G99, njia ya kuchaji ni ile ile, ila kioo ni cha kawaida. Bei inategemea duka na inategemea uso wako. Ukitajiwa bei ya kukuumiza, endelea na safari yako.

Mwenye pesa iliyonona aende Infinix GT 20 Pro. Hiyo ni simu ya wachezaji hasa, Dimensity 8200 Ultimate ya nanomita 4 na kioo cha hezi 144. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu, na kwa sababu Blitz haihitaji misuli yote hiyo. Ukiwa unacheza pia War Thunder Mobile, mchezo mwingine wa vita, kwa picha za juu kabisa, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu ni Tecno Pova 6 Pro. Betri mAh 6,000, chaja ya wati 70, na yenyewe inapitisha umeme kando. Siku za mgao ningeichukua mbele ya Note 40, ila prosesa yake ya Dimensity 6080 haijanifurahisha kwa bei inayouzwa, na taa zile za mgongoni ni za kupamba harusi. Tecno na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, kwa hiyo wanaobishana vijiweni ipi ni imara wanabishana juu ya watoto wa baba mmoja.

Samsung Galaxy A15 najua mtaniulizia. Ile ya 4G ina G99 hiyo hiyo, kioo kizuri, na ukitaka kuiuza baadaye haikai. Lakini ni simu ya kucheza ikiwa haijachomekwa, basi. Hapo ni nafasi ya nne, na mashabiki wa Samsung mnaweza kuninunia.

Simu za mtumba kutoka Dubai zina prosesa kali kweli, ila unanunua betri iliyochakazwa na mtu mwingine, na gundi iliyofunguliwa na fundi usiyemjua. iPhone yenyewe ikichemka inafifisha mwanga wa kioo, ukicheza barazani huoni adui. Na simu za chini ya laki mbili? Ni za kupigia na za WhatsApp. Blitz itafunguka, picha ukiweka za chini kabisa.

Kilichobaki ni wauzaji. Maduka mengi hapa yana sheria moja: ukifungua boksi umenunua. Sasa joto utalipimaje kwenye boksi lililofungwa? Omba simu ya maonyesho ya aina hiyo hiyo, au mtafute mtu anayeitumia, akuachie ucheze mechi tatu mfululizo huku imechomekwa, kisha gusa mgongo karibu na kamera. Kama kiganja kinakimbia, umeshapata jibu. Muuzaji aliyekasirika kwa ombi hilo amekusaidia pia.

Chaja nayo ina michezo yake. Simu ya wati 45 inatoka dukani na chaja isiyo na jina, ile ya boksi imeshabaki kwenye droo ikisubiri kuuzwa peke yake. Soma maandishi madogo kwenye chaja kabla hujatoa hela. Simu za mkopo, za kulipa kidogo kidogo kila siku, piga hesabu ya jumla kwanza. Mara nyingi ile ya kati kwa mkopo inakaribia bei ya ile nzuri kwa taslimu, na ukichelewa kulipa inajifunga, hata ukiwa katikati ya vita.

Na msimu. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, simu za huku zinapandishwa bei kama vile nazo zimevunwa Newala. Simu iliyokaa kwenye kabati tangu Agosti bila mtu kuiuliza inapewa jina la mzigo mpya, inaongezwa elfu hamsini, na kijana aliyetoka kupokea malipo yake ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, analipa bila kubisha kwa kuwa hela bado ina joto mfukoni. Ukiweza, nunua Julai au Agosti. Usipoweza, ulizia maduka matatu, Masasi ikiwemo kama una ndugu anayepita.

Ukishapatana bei, usiondoke kaunta. Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090, ule utaratibu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliouweka walipozima simu feki Juni 2016. Jibu likirudi na jina la simu tofauti na lililoandikwa kwenye boksi, rudisha simu na udai hela yako hapo hapo, kabla risiti haijaandikwa.