Karatasi ya kadi za mkono: ipi ununue, ipi uiache dukani

Binamu yangu alipokaribia kuoa alinikabidhi kazi ya kutengeneza kadi sitini za mchango. Nikaenda Kariakoo, nikavutiwa na karatasi ngumu inayong'aa pande zote mbili, nyeupe kama sahani ya kaure. Kadi zilitoka maridadi. Balaa lilianza shangazi aliposhika kalamu kuandika majina. Wino ulikataa kukauka, kadi ya nne ikaichafua ya tatu, na "Bwana na Bibi" wakageuka doa la bluu. Tangu siku hiyo siendi kununua karatasi bila vitu viwili mkobani: kalamu itakayoandikia na bahasha itakayobeba kadi.

Ndiyo, bahasha inanunuliwa kwanza. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162. Ukiikata A4 katikati unapata A5 mbili, na kila A5 ukiikunja inakuwa kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Inaingia kwenye C6 bila kubanwa. Karatasi moja, kadi mbili. Kadi mia zinataka karatasi hamsini, na tano za ziada kwa sababu zipo zitakazoharibika. Ukitamani kadi za mraba ulizoziona mtandaoni, jiandae kukunja bahasha zako mwenyewe usiku wa manane.

Nafasi ya kwanza naipa karatasi ngumu nyeupe isiyong'aa, ya gramu 200 hadi 250. Gramu hizo ni uzito wa mita moja ya mraba. Chini ya 160, kadi ukiisimamisha juu ya meza inalegea na kulala. Ikipita 300, kuikunja kwa mkono ni kazi na mkunjo hupasuka. Shida ni kwamba maduka mengi hufungua pakiti na kuuza karatasi mojamoja, na muuzaji akiulizwa gramu ngapi anajibu "hii ni ile ngumu". Hapo fanya hesabu. A4 kumi na sita zinatimiza mita moja ya mraba, hivyo A4 ya gramu 240 ina uzito wa gramu 15, na karatasi kumi zina gramu 150. Mizani ndogo ya jikoni inatosha kumaliza ubishi.

Karatasi hii inastahili nafasi ya kwanza kwa sababu inakunjika vizuri, ila nayo ina masharti. Karatasi ina nyuzi, kama ubao. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unanyooka. Ukizikata, unapata ufa wenye manyoya. Kuzijua ni rahisi: pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza ukikutanisha kingo za kushoto na kulia, kisha za juu na chini. Pindo linalokubali bila kubishana ndilo linalofuata nyuzi. A4 nyingi nyuzi zake hufuata urefu, na kwa bahati njema ule mkato wa A6 niliousema unaziheshimu. Kabla ya kukunja, chora mstari kwa rula na kalamu ya biki iliyokwisha wino, ukikandamiza kiasi. Wapo wanaouza vifaa maalumu vya kazi hiyo. Mimi bado natumia biki yangu.

Nafasi ya pili ni manila, ile ile ya mabango ya darasani. Ni rahisi, rangi zipo tele, na haikosekani popote penye shule. Kosa lake kubwa ni kwamba huviringishwa na kufungwa mpira, kisha inakataa kunyooka hata uilalie. Mwambie muuzaji akupe iliyolala, au akukatie vipande palepale. Rangi zake hupauka juani, basi usichukue ile iliyoning'inizwa mlangoni kama tangazo. Kwa kadi za watoto, au kwa kukata maua ya kubandika juu ya karatasi nyeupe, haina mpinzani.

Ya tatu ni magome makavu ya mgomba. Kama kadi nzima, hapana. Kama pambo juu ya karatasi nyeupe, hakuna kinachoyafikia: kahawia zake haziigiki, na pengine unayapata bure shambani. Yakaushe mpaka yavunjike kwa mlio, la sivyo ukungu utafika kabla ya harusi.

Ya mwisho ni ile inayong'aa iliyonifedhehesha. Kama kila neno litachapwa na hakuna atakayeandika kwa mkono, ichukue. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 sijaiweka kwenye orodha, maana si ya kadi, lakini ukiibandika ndani ya kadi ya rangi ya giza unapata pa kuandika salamu.

Gundi nitaisema kwa ufupi. Gundi nyeupe ya maji hukunyanza karatasi, basi ipake kwa ncha ya kijiti cha meno na kwa vitu vizito tu, kama shanga na vifungo. Karatasi juu ya karatasi inataka gundi ya kijiti au utepe unaonata pande mbili. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu: wakati wa masika laza karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, chini ya kitu kizito.

Na ile kalamu mkobani ni ya kazi hii: omba kipande, andika jina lako, hesabu hadi kumi, kisha pitisha kidole gumba. Kuna wauzaji hununa ukifanya hivyo. Nenda duka la pili.