Fundi simu wa Wete, Pemba, na kipima joto cha shamba la mwani: nyota nne kati ya tano

Klabu ya sayansi ya skuli ikitaka kupima joto la maji kwenye shamba la mwani, sensa yenyewe haisumbui. DS18B20, ile yenye bomba la chuma, hukosea nusu ya nyuzi tu na huunganishwa na bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo kinachosoma vipimo) kwa nyaya tatu. Kinachosumbua ni maji ya chumvi. Hapo ndipo banda la fundi simu karibu na soko la Wete lilipowafaa wanafunzi, na ahsante ya kwanza ni yake.

Maji hayapenyi kwenye chuma, hupenya pale waya unapotokea. Mpira mweusi wa kiwandani haushiki sawasawa, chumvi inapanda ndani, na baada ya muda bodi inaandika -127, yaani haiioni sensa. Fundi aliukata mpira ule, akaipiga msasa shingo ya chuma, akaifuta kwa spiriti, akajaza gundi ya epoksi, kisha akavisha mpira mwengine wenye gundi ndani na kuusinyaza kwa hewa ya moto. Epoksi ilale saa 24 bila kuguswa. Silikoni peke yake aliikataa, maana hubanduka. Rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 4.7 baina ya waya wa data na wa umeme ameitia ndani ya kiboksi, na lehemu yake ni safi. Ukisoma nyuzi 85, bahari haijachemka: sensa haijamaliza kupima (ipe milisekunde 750) au umeme umeyumba. Ukiigusa ikawa ya moto, nyaya zimegeuzwa, chomoa haraka.

Mtaalamu wa maabara naye ashukuriwe kwa jambo moja dogo lililookoa vipimo vyote: kuihakiki sensa kwa barafu. Barafu ya maji ya kunywa ivunjwe vipande vidogo, ijazwe kwenye chupa ya chai, imwagiwe maji baridi kidogo na ikorogwe. Sensa isome sifuri. Barafu ya samaki isitumike. Ikishagusa chumvi joto hushuka chini ya sifuri, na mtu atairekebisha sensa iliyo nzima.

Lakini hata sensa nzima ingedanganya bila akina mama wa mwani. Siku za bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kigingi cha upande wa pwani hubaki nje. Hapo kinachopimwa ni jua juu ya chuma. Wao ndio walioonesha kidimbwi kisichokauka, na namna ya kufunga: tai-tai (kamba nyembamba za kufungia) mbili, shibiri moja juu ya mchanga, waya uachwe ulegee ili wimbi lisivute shingo. Kwa anayetaka kujua kwa nini mwani wa aina ya cottonii unakufa pale ule wa spinosum unapostahimili, ushauri huo una thamani kuliko bodi yenyewe. Saa za maji kutoka zitiwe alama kwenye jedwali, zisifutwe.

Nyota moja tumeibakisha kwa sababu fundi haweki vipuri hivi. Mpira wenye gundi na rezista uende navyo mwenyewe, na sensa uchukue mbili. Bei ya kazi ya fundi ni kama ya kubadilisha sehemu ya chaji ya simu. Usiende jioni: wateja wa simu hujaa, na kazi ya epoksi haitaki haraka.