Mazoezi ya mpira wa wavu Shangani, Mtwara: kupokea kunafundishwa vizuri, vifaa bado

Kocha wa vipindi vya Jumamosi asubuhi pale ufukweni Shangani ni bingwa wa zamani, na wazazi wengi wanapeleka watoto kwa sababu hiyo. Ila kikombe cha zamani hakimfundishi mtoto. Shilingi 5,000 za kipindi zinapata uhalali wake kwenye kupokea mpira.

Dakika arobaini za kwanza hakuna kuruka wala kupiga. Miguu inapanuliwa kupita mabega, mmoja mbele kidogo, magoti yamekunjwa. Viganja vinafumbatana, dole gumba mbili sambamba zikitazama mchanga; hapo viwiko vinanyooka vyenyewe. Mpira unatua juu kidogo ya vifundo vya mikono. Kosa la karibu kila mgeni ni kurusha mikono mpaka usawa wa uso, na mpira unaruka nyuma ya kichwa. Kocha anamshika viwiko, anamtaka ainue mpira kwa magoti, kisha anarudia mpira uleule, kutoka upande uleule, mpaka ukae. Uvumilivu huo ni adimu sana kwa waliozoea kushinda.

Na ndiyo njia sahihi. Karch Kiraly wa Marekani anakumbukwa kwa dhahabu za Olimpiki za 1984 na 1988 ukumbini, na ya 1996 ufukweni. Wanaosahaulika ni wapokeaji wa kile kikosi cha 1984: yeye na Aldis Berzins, wawili tu, ndio waliobeba kazi ya kupokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo. Baadaye, akiwa kocha, aliwapa wanawake wa Marekani dhahabu ya Tokyo mwaka 2021. Lang Ping wa China naye alishinda 1984 akicheza na 2016 akifundisha.

Sasa vifaa. Mpira unaotumika ni wa ukumbini, umejazwa upepo wa ukumbini, yaani kilo 0.30 hivi kwa sentimita ya mraba. Wa ufukweni unatakiwa uwe kati ya 0.175 na 0.225. Ndiyo maana mikono ya watoto inakuwa myekundu mapema, na pasi nzuri inaruka mbali kuliko ilivyostahili. Kocha anunue pampu yenye geji.

Wavu nao umefungwa kwa kamba ya nailoni, na jua likipanda inalegea. Kimo hupimwa katikati, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, na pembeni pasizidi katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Pale tofauti inaonekana kwa macho. Waya wa chuma na kikazio vingemaliza tatizo.

Msimu wa kusi fikeni mapema, kabla upepo haujaanza kuhamisha mipira ya juu. Siku za bamvua ulizeni kwanza saa ya maji kujaa: uwanja wa mita 16 kwa 8 unahitaji na mita 3 za wazi kila upande, na maji yakijaa nafasi hiyo haipo.